Jina la Aliyeuawa

Remo Cascioli aliamka na hasira na kulala nayo, na ukimuuliza sababu, anakuongezea na wewe. Aliuza atichoki kwenye soko la Testaccio mjini Roma, yale maua ya kuliwa yenye magamba. Anashika kisu kilichopinda, analizungusha ua kiganjani, magamba magumu yanaruka huku na huku, moyo wa ua unatumbukia kwenye ndoo ya maji ya ndimu. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Lakini mdomo sasa! Mteja akibonyezabonyeza ua bila kununua, anaambiwa akabonyeze pua ya mama mkwe wake.

Kilichomchemsha zaidi ni jina lake. Roma nzima inajua habari za Kulwa na Doto wao, mapacha walionyonyeshwa na mbwa mwitu jike: Romolo akachora mpaka wa mji na kuinua ukuta, Remo akauruka kwa dharau, Romolo akamuua pale pale, na mji ukaitwa kwa jina la muuaji. Basi Fernanda wa meza ya jibini hachoki.

"Remo, bado uko hai? Ndugu yako hajakumaliza tu?"

"Hebu nyamaza, jibini lako linanuka kuliko utani wako!" Ua moja linarushwa, watu wanacheka. Yeye hacheki.

Hata hivyo jina hilo alilitaka lirudi. Kwao mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, ndivyo ilivyo, haijadiliwi. Mkamwana wake Ornella aliposhika mimba ya mtoto wa kiume, Remo alianza kutembea kifua mbele. Alimwambia kila aliyesimama mezani pake: "Subirini. Mtasikia Remo akiitwa nyumbani kwangu."

Mtoto akazaliwa. Mwanawe Tiziano alikuja sokoni mwenyewe na habari, macho mekundu kwa kukosa usingizi, meno yote nje.

"Baba, dume! Kilo nne kasoro kidogo! Na nimeshamwandikisha."

"Remo," alisema mzee, akifuta mikono.

"Sikiliza, baba. Mimi na Ornella tumefikiri sana. Remo ni jina la aliyeuawa. Umetaniwa maisha yako yote, na yeye ataniwe? Tumebaki humo humo kwenye hadithi, ila tumempa la mshindi. Anaitwa Romolo!"

Fernanda alishaanza kupiga makofi, akaona uso wa Remo, akaacha.

"Mpumbavu wewe!" Remo alifoka hadi wauza samaki wakageuka. "Mshindi? Nani kakwambia mshindi? Romolo alikuwa kaka yangu!"

"Kaka yako gani? Wewe huna kaka."

"Nilikuwa naye! Pacha wangu! Alitangulia yeye, akapewa Romolo, nikafuata mimi, nikapewa hili. Akafa kwa homa ya uti wa mgongo hata shule hatujaanza. Yeye ndiye aliyekufa, mimi nikabaki, kinyume na hadithi yenu ya kijinga! Tukahama mtaa, na bibi yako akakataza asitajwe."

"Baba, ungeniambia..."

"Ningekuambiaje? Majina yale yalikuwa yanamtoka bibi yako mdomoni kwa pamoja: Romolo na Remo, njooni mle! Hakuweza kutaja langu bila lake, basi akayaacha yote mawili. Tangu siku ile mpaka anakata roho aliniita 'wewe'. Wewe, njoo. Wewe, kula. Nilitaka tu kusikia Remo akiitwa kwa mapenzi. Hilo tu! Ondoka mbele yangu."

Tiziano aliondoka akilia. Remo hakwenda hospitali, wala simu hakupokea.

Jumapili Ornella, ambaye hakuwahi kumwogopa hata siku moja, alipanda ngazi hadi kwa Remo na mtoto, akamtia mzee mikononi bila kuomba ruhusa.

"Kasirika utakavyo, baba, lakini mshike. Mimi nimechoka, nakwenda kulala chumbani kwako."

Mlango ukafungwa. Mtoto akaanza kulia.

"Wewe, nyamaza," Remo alisema. "Wewe, una nini? Wewe..."

Akaisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya mama yake, kavu vile vile. Hasira ikampanda upya, safari hii si kwa Tiziano. Alimkasirikia mama yule aliyezika mtoto mmoja akawanyima majina wawili. Alimpenda, na alikuwa na hasira naye tangu utoto, na hakuwahi kumwambia lolote kati ya hayo.

Akamwinua mtoto usawa wa uso wake. Mdomo ulikataa. Akaulazimisha.

"Romolo!" alisema kwa ukali, kama anayemgombeza mtu aliyechelewa chakula. Na kwa kuwa jina hilo halikuzoea kutoka peke yake, la pili likafuata lenyewe.

"Romolo. Mimi ni Remo."