Nilizungushia nyumba seng'enge Malinya, kumbe uani ni njia ya fahali

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mashahidi ni kijiji kizima, kwa hiyo hata nikitaka kuwadanganya siwezi.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: njia inayokatiza uani kwako, ukiifunga, unaongeza thamani ya nyumba au unaongeza maadui?

Kukhu, yaani bibi yangu, aliniachia nyumba yake ndogo huko Malinya. Nimemaliza chuo, kazi bado, nikaamua kuwa investor. Nikarabati, nipangishe walimu. Baba mdogo akakubali kwa sharti: shule zikifunguliwa bila mpangaji, nyumba inageuka stoo yake ya mahindi.

Nikabadilisha mabati yaliyooza, nikapiga plasta, kisha rangi.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Nilipaka vipande vya majaribio ukutani, nikavitazama asubuhi, mchana na jua likizama. Shangazi yangu, senje Rose, akaniuliza kama hata mke nitamchagua kwa kumsimamisha ukutani hivyo.

Nikachagua nyeupe. Mpaka chini kabisa.

Wenyeji wa huku mmeshaanza kucheka. Mvua ya kwanza ya alasiri, maji ya paa yakarusha udongo mwekundu, ukuta ukawa kama umevaa soksi.

Aibu hiyo ikanifanya niwe mkali kwa ile njia ya watu iliyokatiza uani kwa kukhu. Video za mtandaoni zinasema mpangaji anataka privacy. Senje akanishauri niulize majirani kwanza. Nikaona nikiuliza nitapata majibu mengi, na majibu mengi ndiyo ugonjwa wangu. Nikazungusha seng'enge pande zote, nikaacha kageti kadogo mbele.

Jumamosi akaja mwalimu kutoka Likuyani, mama mmoja aliyehamishiwa shule ya karibu. Hakuna mwingine aliyekuwa ameulizia. Alikuwa ndani akifungua na kufunga madirisha niliposikia ngoma za isukuti zikija.

Alikuwa jirani yetu, Mzee Lumbasi, na fahali wake wa kupigana anayeitwa Transfoma. Nyuma yao umati ukiimba, wote wakielekea uwanjani. Wakasimama mbele ya seng'enge yangu.

Mzee hakupandisha sauti.

"Mjukuu, huyu hupitanga hapa tangu kukhu yako akiwa hai. Ukimzungusha leo, ataona amefukuzwa kabla hajapigana."

Nikaanza kuwaza. Nikifungua leo, kesho je? Nikikataa, fahali akishindwa si nitalaumiwa mimi? Na mwalimu akiogopa?

Nikiwa bado nawaza, Transfoma akaanza kujikuna kwenye nguzo yangu mpya. Nguzo ikainama kama inamwamkia.

Mwalimu akatokea mlangoni. Nikajua mahindi ya baba mdogo yamepata makao.

Akamtazama fahali, kisha akanitazama mimi. "Mwenye nyumba, huyu naye hulipa kodi, ama ni wa familia?"

Umati ukacheka. Mzee akamjibu kwamba ni wa familia, tena anaijua hii boma kuliko mimi.

Nikachukua koleo nikakata seng'enge mwenyewe, upande wa kuingilia na wa kutokea. Wakapita wakiimba jina la kukhu. Transfoma hakunitazama hata kidogo.

Mwalimu alichukua nyumba. Sharti lake ni moja: aambiwe mapema Jumamosi za fahali, asianike nguo nje.

Na Transfoma? Alikimbia kabla pembe hazijagusana vizuri. Mzee Lumbasi anasema ni kwa sababu nilimchelewesha, na nadhani atasema hivyo mpaka na mimi niwe mzee.

Kwa beginners wenzangu, nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuuliza nyumba inahitaji nini, uliza ni nani hupita hapo. Video haitakuambia. Kama kwako pia kuna njia inayokatiza uani, niambie uliifanyaje. Nitasoma kila comment, na kila moja nitaiwaza mara mbili.

Ya kwangu lakini nimeshaamua. Nimeng'oa nguzo pande zote mbili za njia, nikaweka mageti mapana ya kutosha pembe za Transfoma, yasiyo na kufuli. Na sehemu ya chini ya ukuta nimeipaka rangi ya udongo wetu.

Senje anasema sasa soksi ni za kudumu.