Mshitakiwa wetu alikuwa mtanashati, mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kindu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu mimi ni mtu wa kuogopa kila kitu, hata nyinyi.

Nilimaliza sheria, nikapokelewa kujifunza kazi kwa wakili mmoja mama, tumwite Metre Salima (Metre ndivyo mawakili wanavyoitwa huku). Kesi ya kwanza aliyonishirikisha: ugaidi, mbele ya mahakama ya kijeshi. Adhabu inayoombwa: kifo. Na siku hizi si kifo cha makaratasi kama zamani. Serikali ilishasema hukumu hizo zitatekelezwa.

Wakuu, mimi nilitarajia kuanza na kesi ya mbuzi.

Mshitakiwa, Amisi, aliokota bomu la zamani, masalio ya vita, shambani upande wa Kailo. Akaliweka kwenye beseni, beseni kichwani, akaingia nalo sokoni akipiga kelele, "Mutakufa wote!"

Halikulipuka. Lakini watu waliumizana wakikimbia. Bomu, soko, kelele: mwendesha mashtaka hakuhitaji hata kutoka jasho.

Utetezi wetu ulikuwa mmoja tu. Amisi ni mgonjwa wa akili tangu vita. Alikuwa mtoto mdogo, baba yake akauawa mlangoni naye akiangalia.

Tatizo ni kwamba hapa mjini hatukupata daktari wa akili wa kumpima. Mahakama ingeweza kuita mtaalamu kutoka mbali, ila kwanza ilitaka mtu wa nyumbani aeleze ugonjwa huo ulianza lini na unaonekanaje.

Mtu huyo ni mama yake. Na mama alikataa.

"Mutoto yangu iko muzima," aliniambia. "Bantu wanakuja kumuposa dada yake, Zaina. Unataka waseme nyumba yetu iko na wazimu?"

Mbaya zaidi, kila siku ya kesi alimpelekea gerezani kanzu iliyopigwa pasi na kofia safi, akamkata na kucha. Kwake, kumtoa mtoto mbele ya wakubwa akiwa mchafu ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo Amisi aliketi mahakamani ametulia, ananukia, kama bwana harusi.

Pembeni yake mimi, toga ya kuazima, lile joho la mawakili, jasho mpaka kiunoni.

Kuna asubuhi nzima niliipoteza nikijiuliza: nikimpindisha kofia kidogo tu, hiyo ni kuharibu ushahidi?

Nikasoma pia dalili za magonjwa ya akili kwenye simu ili niziseme vizuri. Hapati usingizi. Anahisi watu wanamsema. Anaona baya linakuja. Kufika mwisho nilishamsahau Amisi, natafuta dawa yangu.

Siku ya kuomba mtaalamu, Metre Salima aliamka na malaria, sauti hana. Mahakamani akanisukumia karatasi, akanong'ona: "Soma weye."

Nikasimama. Karatasi zikaanguka. Nikaziokota kwa mpangilio mbaya, nikaanza na ukurasa wa mwisho, kisha nikamwita mwendesha mashtaka "Bwana Prezida".

Prezida mwenyewe, yaani jaji anayeongoza kikao, kanali mmoja mwenye miwani, akaniangalia, akamwangalia Amisi na kanzu yake.

"Metre, kati yenu wawili, mugonjwa njo nani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Amisi peke yake hakucheka. Alinisogezea kiti chake.

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Mimi nikajibu.

"Njo miye, Bwana Prezida. Silalake. Pikipiki ikisimama nje, nafikiri wamekuja kunikamata. Niko na diploma, na niko mugonjwa. Lakini miye mukinicheka, narudia kwetu. Huyu mukimukosea, harudie."

Kicheko kikakatika. Nikakaa, nikijua kazi imeisha, na pengine maisha pia.

Ndipo nyuma kabisa mama Amisi akasimama, ameshika kofia ya akiba ya mwanawe, imekunjwa vizuri.

"Kama Metre anasema yake mbele ya bantu, na miye nitasema. Tangu vita Amisi analalaka chini ya kitanda. Sufuria ikianguka, anafunga mulango, anatuambia tutakufa wote. Miye njo namufichaka."

Hakulia. Alisema mpaka mwisho, akaketi.

Kesi ikasimamishwa, mtaalamu akaagizwa. Mpaka leo ninapoandika hajafika, na Amisi bado yuko gerezani. Ila yuko hai. Hukumu haijasomwa.

Na waposaji? Mama alitegemea wangekimbia. Walikuja, wakala wali, wakamwambia, "Mama, kwani sisi tuko wageni Kindu? Tulijua zamani. Tulikuwa tunangojea museme."

Fikirieni hilo, wakuu. Mtu alikaribia kuhukumiwa kifo kwa ajili ya siri ambayo mtaa mzima uliijua.

Nilichojifunza: ugonjwa wa ndugu yenu usemeni mapema, kabla hamjalazimika kuusema mbele ya askari. Mimi sasa mtaani naitwa Metre Mugonjwa, na watu watatu wameshanijia wakinong'ona habari za ndugu zao.

Kama na nyinyi mna mtu mnayemvika kanzu safi ili asionekane, andikeni hapa chini. Au andikeni chochote. Mkikaa kimya nitajua mmenikasirikia, na mtaalamu, kama nilivyosema, hajafika.