Nani Atalala Nao?

Nikipita sokoni pua ikanasa harufu ya muhogo uliolowekwa ukachacha, mpaka leo moyo hunienda mbio. Nichekeni tu. Hiyo ndiyo harufu ya wiki moja ya miaka ya tisini, pale kwetu Ilembo, majirani wakiandaa unga wa kumaliza matanga ya mama yake Zawadi.

Zawadi alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Baba yao alishafariki zamani, na sasa mama naye. Walibaki yeye na wadogo zake wawili, na kila mtu alijua kinachofuata: matanga yakiisha, ukoo unakaa unagawana watoto. Mmoja Karema kwa baba mdogo, mmoja Majimoto kwa shangazi, wa mwisho popote atakapopokelewa. Zawadi alikuwa ameacha kula.

Wiki hiyo mama yangu hakukaa kitako. Asubuhi yuko kwa Mzee Hamisi, fundi cherehani. Mchana kwa Mama Nestori, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na majirani wengine walikuwa hawajawahi kukanyaga kwake. Mimi nyuma, njaa inaniuma, nimenuna.

"Mama, tunakula saa ngapi?"

"Hebu niache! Watoto wa watu wanataka kutawanywa hapa!"

Siku ikafika. Baba mdogo alipokohoa tu kuanza kikao, Mama akasimama. Akaomba watoto wabaki nyumbani kwao, majirani watawatunza. Mzee Hamisi akasema sare za shule ni juu yake. Mama Nestori akasema shamba lao atalilima pamoja na lake.

Baba mdogo alisikiliza, mkono shavuni. "Mmeongea vizuri, nawashukuru. Sasa nani atalala nao?"

Hilo Mama hakulifikiria. Zawadi akainamisha kichwa. Ndipo bibi yangu mzaa mama akajikongoja kusimama.

"Mimi. Nahamia leo."

Jamani! Bibi niliyelala naye tangu nilipoachishwa ziwa! Niliruka kutoka mkekani nikapiga kelele, "Bibi anakoroma! Hawatalala hao!"

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi atatufukuzia wezi," akasema. "Wabaki."

Nililia wiki nzima. Zawadi akija shuleni amesukwa nywele na bibi yangu, namgeuzia kisogo.

Kwa miaka mingi niliona nilinyang'anywa. Mpaka nami nikawa mama, jirani akaniomba kitu ambacho nyumbani kwangu kilihitajika, ndipo nikamkumbuka Mama Nestori na wanawe sita, jembe moja. Hakuna aliyetoa cha ziada siku ile. Hata kwangu alitolewa bibi yangu.

Zawadi na wadogo zake walikulia nyumba ile ile, na hadi leo ananiita dada. Hupenda kusimulia jinsi kelele zangu zilivyowaokoa. Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba nilipiga kelele zile ili watawanywe.