Mhina Uliozama Nchi Kavu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mbinya Mulei anapiga magoti mbele ya kimti kinachomfika mtu kifuani. Anasogeza nyasi kavu zilizofunikia ardhi, kisha anazamisha kidole cha shahada udongoni hadi pingili ya pili. Anafumba macho. Nyuma yake watu wanne wamesimama kama wanasubiri majibu ya mtihani, na mmoja wao ameshika birika.

"Bado," anatangaza. "Maji yaliyomo yatatosha hadi Alhamisi. Susu, rudisha birika."

"Hata tone?"

"Hata harufu ya tone."

Mwenye birika ni Deqa, umri miaka 78. Mtaa mzima hapa Mwingi, Waislamu kwa Wakristo, humwita Susu, jina ambalo Wakamba humwitia nyanya. Nyumba ni ya mwanawe Guled, muuza vifaa vya ujenzi. Kimti ni mhina, na asubuhi ya leo kimebeba shughuli ya familia nzima: Yurub, mjukuu wa Susu, anaolewa Ijumaa wiki ijayo. Majani ya hina yake lazima yachumwe leo ili yakauke kivulini na kutwangwa kwa wakati.

Hina ya pakiti imejaa madukani, lakini usimtajie Susu.

"Ile inanuka petroli," anasema. "Mimi nilipakwa kutoka kwa mti wa mama yangu kule Garissa. Huu ni mtoto wa mti ule, nilikuja nao hapa ukiwa kijiti ndani ya gunia bichi. Binti zangu watatu wamepakwa kutoka kwake. Yurub atapakwa nini, rangi ya mlango?"

Swali ni kama Mbinya ataruhusu uchumwe. Miezi mitatu iliyopita, mti huu haukuwa na jani hata moja.

Mbinya, 54, hutunza bustani za watu mjini kwa shilingi mia sita kwa siku, na chai ikiwa mwenye nyumba ana adabu. Hakusomea kazi hiyo popote. Alizaliwa karibu na Kathonzweni, kwa mama aliyefinyanga vyungu hadi sufuria za bati zilipomnyang'anya wateja. Udongo anaujua kwa mikono. Anasema akiwa mdogo alikanyaga udongo mwingi kuliko ng'ombe wa kijiji kizima, na kwamba siku moja alipiga chafya darasani, vumbi lililotoka lingetosha kufinyanga kikombe na kisahani chake.

Guled alipohama Novemba, alimwita Mbinya auhamishe mhina kutoka nyumba ya zamani. Ile ilikuwa mlimani, kwenye mchanga mwekundu. Hii iko bondeni, kwenye udongo mweusi ambao sifa zake zinajulikana. Mvua ikinyesha, udongo huu humvua mtu kiatu na kubaki nacho. Fundi aliyejenga ukuta wa Guled anaapa kwamba ulimeza mwiko wake mwezi wa kumi na moja, akaupata Machi ukiwa umeota kutu, umesimama wima, unamngoja.

Mbinya alichimba shimo siku moja baada ya mvua. Alilichonga vizuri, akalainisha kuta zake kwa bapa la jembe hadi zikang'aa, akajaza mchanga na samadi, akausimamisha mti katikati.

"Kila mtu alilisifu lile shimo," anakumbuka na kucheka hadi leso inateleza kichwani. "Hata mimi nililisifu. Mtoto wa mfinyanzi! Nilikuwa nimetengeneza chungu, tena chungu kizuri sana, halafu nikapanda mti ndani yake."

Baada ya wiki moja majani yalianza kuwa ya manjano. Baada ya mbili yakapukutika. Na hapo ndipo upendo ulipozidi.

Kule mlimani, Susu alikuwa ametawadhia chini ya mti ule kwa zaidi ya miaka thelathini, mara tano kwa siku, kigoda chake kikiwa kando ya shina. Mchanga ulikunywa maji na kushukuru. Alipohama, kitu cha kwanza kuteremshwa kutoka kwenye pikapu kilikuwa kile kigoda, na kikawekwa palepale, kando ya shina.

Yurub, akiona majani yanaanguka, akawa anaongeza kopo asubuhi kabla nyanya yake hajaamka. Guled akawa anaongeza jioni akitoka dukani. Kisha jirani yao Kanyiva, mwimbaji wa kwaya, akaleta mtungi wa lita ishirini kila Jumapili baada ya ibada. Katika nchi hii ambako watu hupanga foleni ya maji tangu alfajiri, huwezi kumfanyia jirani wema mkubwa kuliko huo. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Sasa ningejuaje?" anajitetea Kanyiva. "Nimeona mti wa watu umekauka. Mkamba akiona kitu kimekauka, si ni maji?"

Mbinya aliporudi Desemba, alizamisha kidole, akakitoa, akanusa. "Kilinuka kama maji ya soksi," anasema. Alichimba kidogo pembeni, na maji yakajaa kwenye kile kishimo yenyewe. Mti ulikuwa unazama, hapa ambako hata chura huzeeka bila kujifunza kuogelea.

Kuokoa mti kulikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kumwambia Susu kwamba maji ya udhu wake ndiyo yanauzamisha.

Mbinya alikwenda nyumbani, akaleta chungu cha mwisho alichoachiwa na mama yake, akakiweka mbele ya yule mzee.

"Susu, hiki kina tundu chini?"

"Hakina. Umeniletea chungu kizima."

"Nikipanda mti humu, na wewe ukatawadha hapa mara tano kwa siku?"

Susu aliangalia chungu. Akaangalia mti. Akaangalia birika lake kama mtu aliyemfumania rafiki wa miaka mingi.

"Kosa la kwanza ni langu, Susu," Mbinya akaongeza. "Mimi ndiye nilichimba chungu. Nyinyi mmejaza tu."

"Basi dhambi yetu ni moja," akajibu mzee, na wote wakacheka.

Siku hiyohiyo Mbinya aliunyanyua mti pamoja na udongo wa mizizi. Alikwaruza kuta za shimo kwa jembe la meno hadi zikawa na makovu, akachimba mfereji wa kutoa maji kuelekea upande wa chini, kisha akachanganya ule udongo mweusi na samadi iliyooza. Safari hii aliupanda mti juu kidogo, kwenye tuta, ili shina lisikae ndani ya maji. Alifunika ardhi kwa nyasi kavu, lakini hazikugusa shina. Mwisho akachukua mkasi na kukata theluthi ya matawi.

"Hapo nilimfukuza," anakiri Susu. "Nilimwambia, umekuja kuponya au kuzika?"

"Mizizi migonjwa haiwezi kulisha watoto wengi," Mbinya anaeleza. "Unaipunguzia kazi."

Kigoda cha udhu kikahamia kwenye migomba nyuma ya jikoni. Kanyiva anadai migomba hiyo sasa inarefuka mtu akiitazama, na kwamba alianika shuka juu ya jani moja akalazimika kuazima ngazi kulifuata.

Katikati ya Januari, Yurub aliona nukta ya kijani kwenye shina, akapiga kelele hadi wateja wa duka la Guled wakaja wakidhani ni nyoka.

Leo Mbinya anauzunguka mti mara mbili. Anagusa matawi.

"Chumeni ya chini, yaliyokomaa," anasema hatimaye. "Vichipukizi vya juu mtu asiguse. Bakuli moja tu."

"Na shangazi zangu?" anauliza Yurub.

"Shangazi wapakwe petroli," anajibu Susu, tayari ameinama anachuma.

Bakuli linajaa. Linatosha mikono na miguu ya bibi harusi.

Mbinya sasa anapanga kufungua kitalu cha maua na vichaka kando ya barabara ya Garissa. Ameshapata sehemu, na ameshatunga sheria: hauzi mti kwa mtu ambaye hajamletea kiganja kimoja cha udongo wa kwake.

Mteja wa kwanza ni Yurub, anayetaka kijiti cha mhina aende nacho Garissa. Mchumba wake aliye huko ametuma udongo kwa basi, umefungwa kwenye mfuko kama sukari. Mbinya anaulowesha, anauviringisha viganjani kama mama yake alivyokuwa akifanya. Ukiwa udongo wa mfinyanzi, utatoka kamba ndefu. Unakatika. Anajaribu tena. Unamwagika wote.

"Mchanga mtupu," anatangaza. "Huko mtu anaweza kumimina apendavyo."

Susu anasimama, anajipangusa majani mapajani, na kulichukua birika lake.

"Guled," anaita, "bibi harusi hasafiri peke yake."