King'ora cha Saa Tano

Mtaani walimwita Baba King'ora, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina lake halisi. Kazi yake katika kiwanda cha sabuni ilikuwa kuwasha boila alfajiri, kuchunga mshale wa geji ya mvuke usipande kupita kiasi, na kuvuta kamba ya king'ora mara tatu kwa siku: asubuhi watu waingie kazini, saa sita na nusu wakale, jioni waende zao. Aliifanya kwa miaka ishirini na sita. Mtaa mzima uliishi kwa kamba ile, na mwenye saa ya mkononi aliivaa kwa urembo tu.

Mara moja kwa mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, king'ora kililia kwa sababu nyingine. Kiwanda kilifungwa, watu walikuwa majumbani, na serikali iliagiza kwamba saa tano kamili nchi nzima isimame kimya kwa dakika moja. Baba King'ora alikwenda peke yake, akawasha boila saa mbili kabla kwa ajili ya dakika hiyo moja, akavuta kamba ya kuanza, akahesabu hadi sitini, akavuta tena ya kumaliza.

Na mtaani je? Hapo ndipo palipo na kichekesho. Mtu asiye kazini hapotezi ujira tu, hupoteza na hesabu ya saa. Waliposikia mlio, tumbo lilikumbuka kabla ya kichwa. Wanawake waliacha kufua wakakimbilia vyungu, wanaume waliweka karata chini wakanawa mikono. Mlio wa pili walisema ni fundi anasafisha bomba. Basi siku hiyo watu walikula mapema kuliko siku zote, na ilipofika saa nane kila mtu alikuwa na njaa tena, anamlaumu mkewe kwamba amepunguza kipimo.

Baba King'ora asingejali, lakini kaka yake alikuwa mmoja wa hao wanaokumbukwa. Aliondoka na umri wa miaka ishirini na moja na hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Mama yao alikuwa akiishi shambani, mbali na mjini, na mwaka ule wa kwanza mwanawe aliposhika kamba alimuuliza neno moja tu, "Walisimama?"

Angejibu nini? Akasema walisimama wote. Mwaka uliofuata akaongeza kwamba hata magari yalizima injini. Mwaka wa tatu mbwa nao wakaacha kubweka. Uongo ukanenepa mwaka baada ya mwaka, na mama akaupokea kila mara kwa kutikisa kichwa taratibu, akisema, "Watu wa mjini wana adabu." Baba King'ora aliona aibu, lakini pia aliona uso wa mama yake umetulia, akanyamaza.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu kidogo, ila ilifika mwisho. Mwaka huu mama alikuja kupasuliwa macho, mtoto wa jicho akatolewa, na daktari akamtaka akae mjini miezi miwili. Siku ya kumbukumbu ikaangukia humo humo. Mama akatangaza mapema kwamba atakaa barazani kuanzia saa nne, ajionee mwenyewe.

"Macho hayana pazia," mkewe alimwambia Baba King'ora jikoni kwa sauti ya chini. "Utamwambia nini?"

"Nitawaambia watu wasimame."

"Watu gani? Hawa hawa?"

Akapita mlango kwa mlango jioni ya kuamkia siku hiyo. Jirani wa mbele, mama mmoja mpana mwenye mdomo, alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mwiko. "Nitasimama, Baba King'ora. Ila mboga yangu ikiungua, utaila wewe." Wacheza karata walikubali wote kwa pamoja, upesi mno, na hilo lilimtia wasiwasi. Kinyozi ndiye aliyefikiri kwanza. "Na kama nina mteja nusu kichwa?"

"Naye asimame."

"Haya. Nitamwambia ni agizo la serikali."

Asubuhi ile boila ilichelewa kupata mvuke, au labda ni yeye aliyekuwa na haraka. Aliitazama geji kama mtu anayesubiri maji ya chai. Saa tano kamili akavuta kamba, paa likatetemeka, akaanza kuhesabu. Alipofika thelathini alichungulia mlangoni. Mlinzi wa geti, ambaye alikuwa ameapa kwa watoto wake kwamba atasimama wima, alikuwa anafungua kifuniko cha chakula.

Baba King'ora alimaliza kuhesabu akiwa amelowa jasho. Akavuta mlio wa pili, akafunga boila, akapanda baiskeli. Alipokunja kona ya mtaa wao alifunga breki. Hapakuwa na mtu. Beseni la nguo lilikuwa peke yake juani, karata zilikuwa zimefunikwa jiwe zisipeperuke, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitoka kila dirisha. Sikio la kufa halisikii dawa, akawaza, na la mwenye njaa halisikii kitu.

Mama alikuwa barazani, mikono magotini, na miwani nyeusi ya hospitali usoni. Akamwacha aegeshe baiskeli.

"Ndivyo huwa kila mwaka?" aliuliza.

Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeiva. Angeweza kusema wameingia ndani kuomba. Lakini alikuwa amechoka kuulisha. "Ndiyo, mama. Kila mwaka. Wanadhani ni saa ya kula."

"Na magari? Na mbwa?"

"Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Baba King'ora alidhani analia, akapiga magoti. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi ikabidi mkwewe atoke ndani kumshika mikono asifikiche jicho.

"Kinyozi peke yake ndiye aliyesimama," alisema alipopata pumzi. "Yeye na mtu wa nusu kichwa, na taulo shingoni. Wamesimama kama wameibiwa. Huyu mama wa mbele naye alisimama, nikasema haya, kumbe anasikiliza chungu. Akaingia mbio."

Kisha akavua miwani, jambo alilokatazwa, akamtazama mwanawe vizuri.

"Siku kaka yako alipoondoka nilikuwa na maharage motoni. Nikamwambia subiri kidogo, yanakaribia. Lori la jeshi likapiga honi. Akasema atakula akirudi." Akapangusa kioo cha miwani kwa kanga. "Miaka thelathini na minane, mwanangu, hakuna kinachoniuma kama hicho. Si risasi. Risasi sikuiona. Kwamba nilimwacha mtoto aende na njaa."

Baba King'ora hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Siku ile alikuwa shuleni, na aliporudi aliikuta sufuria nje, imemwagwa, na hakuuliza.

"Kumbe huku mjini," mama alisema, "kila mwaka inapigwa honi kwa ajili yake, na mtaa mzima unaacha kazi unakwenda kula." Akavaa miwani yake. "Usiwaambie tena wasimame. Waache wale."

Jirani wa mbele akavuka barabara na sahani mbili zilizofunikwa, uso chini, tayari kuomba radhi. "Mama, nisamehe, miguu ilikwenda yenyewe. Nimekuletea kidogo, wewe na mwanao."

"Mbili hazitoshi, binti yangu," mama alimwambia. "Ongeza moja. Tuko watatu."

Jirani aliangalia mlangoni, akadhani anamhesabu mkwe, akarudi kupakua. Baba King'ora hakumsahihisha. Akaingia ndani, akatoa kiti cha tatu, akakiweka barazani karibu na mama.