Mafuta ya Karani

Kulikuwa na wakati mtu akiingia buchani alisema, "Nipe yenye mafuta, usinipunje." Wakati huo umekwenda na watu wake. Siku hizi wanaingia vijana wenye miwani ya jua, wananyoosha kidole: "Hiyo nyeupe toa yote, mzee." Mzee Shoka, kama mtaa ulivyomwita, alitoa huku akiguna, na mafuta ambayo zamani yangegombewa yakaishia kwa Karani.

Karani alikuwa mbwa. Alishinda mlangoni akiikodolea macho mizani kana kwamba ametumwa na serikali.

"Kula, bwana," mzee alimwambia kila alipomrushia. "Umebaki wewe tu unayejua nyama."

Asubuhi moja Karani hakuonekana mlangoni. Alikutwa nyuma ya gogo la kukatia nyama, ametapika, kifua kimelala sakafuni na makalio yameinuka juu. Alipoguswa tumbo alilia. Mzee akakata kipande kinono, akamsogezea puani. Mbwa akageuza uso.

"Baba watoto, mtu anatapika unamletea karamu?" mkewe akamkemea. "Mbebe, twende kwa daktari wa mifugo."

"Mbwa wa marehemu baba walijitibu kwa majani."

"Na wangapi walipona?"

Mzee akambeba.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wajukuu wake. Alimpapasa mbwa tumbo, akampima damu, akauliza, "Anakula nini, babu?"

"Anakula vizuri! Mafuta matupu."

Binti akavuta pumzi. "Kongosho limevimba. Ni tezi iliyo karibu na tumbo, inatoa maji ya kusagia chakula. Mafuta mengi yanaweza kulichokoza, likaanza kujisaga lenyewe."

Mzee akavitazama viganja vyake. "Kumbe nimemlisha sumu kwa mkono wangu."

"Utalia baadaye, babu. Sasa hivi nishikie mguu huu."

"Atapona?"

"Wapo wasiopona. Huyu umemuwahi."

Karani alitundikiwa maji ya mshipa, akachomwa sindano ya maumivu na ya kuzuia kutapika. Mzee alifunga bucha, jambo ambalo hakulifanya hata alipomwoza bintiye, akakaa kwenye benchi la kliniki mpaka mkia ulipotikisika.

"Umpe kidogo kidogo, mara nyingi," daktari akamwagiza. "Nyama nyekundu ya kuchemsha, na wali. Mafuta basi."

"Hata sikukuu?"

"Hata sikukuu. Na akikataa tena chakula au akijikunja, mlete siku hiyo hiyo."

Bucha ilipofunguliwa, Karani alikuwa mlangoni, amekonda, macho kwenye mizani. Mzee alichagua steki, akaanza kuiparura mafuta. Hakuna mteja aliyewahi kuparuriwa hivyo. Aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaikata tena.

"Pembeni hapo umeacha," mkewe akasema.

"Nimeona."

Mafuta yakaenda kwenye pipa. Yalimuuma. Kipande kikaenda sufuriani, kikaiva, kikapoa, na Karani akakimaliza akalamba bakuli mpaka likagonga ukuta.

"Na wewe umekuwa kama wale vijana wa miwani," mzee akamwambia, akainama kumkuna shingo. "Haya, rudi kazini."