Nilitaka Kuta Nne

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo shida ilipoanza. Baba alikuwa fundi cherehani katika kambi ya jeshi Jinja. Alishona sare, alishona mahema, na mimi nilikaa chini ya mashine yake nikimshikia turubai lisiburuzike. Serikali ilipoanguka askari walikimbia, na baba akakimbia nao ingawa hakuwahi kushika bunduki. Hakurudi. Mama alitubeba mpaka Mbale. Nilikuwa darasa la nne. La tano sikuliona. Tulilala kwenye baraza la duka la mtu, mama akilala ukingoni ili mvua ikipiga impige yeye kwanza. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili cha kambini, na siku zile ukifungua mdomo kwa Kiswahili watu walikutazama kama wanasikia buti zinakuja.

Sisemi haya nionewe huruma. Nayasema ili ukinisikia huko mbele nagombania kuta, ujue ugomvi umeanzia wapi.

Kilichonitoa barazani ni sindano ya baba. Nilianza kwa kushona viraka vya maturubai ya malori yaliyokuwa yakitoka Kenya. Madereva walinipenda kwa sababu niliwajibu Kiswahili chao bila aibu. Vipande vilivyobaki niliviunga nikapata hema moja, baya, rangi tatu. Nikalikodisha kwenye msiba. Baadaye nikaongeza viti. Mume nilimpata, tukazaa watoto watatu, naye akafariki wakati wa mwisho bado ananyonya, na mahema yakaendelea kusimama. Leo, kutoka Malukhu hapa Mbale ninapokaa mpaka Budondo kule Jinja, mtu akifiwa au akioza binti ananipigia mimi.

Sasa, mtu anayekodisha mahema anajua kitu kimoja: hema husimamishwa asubuhi, jioni linakunjwa, na usiku pale pale panakuwa nyasi tu. Mimi nilitaka kitu kisichokunjwa. Nilinunua kiwanja Wanyange, nje kidogo ya Jinja, mahali unapoliona ziwa, nikaapa kabla sijafa nitajenga ukumbi wa sherehe pale. Kuta nne. Dari. Vigae. Milango ya chuma miwili. Watu waingie, nifunge, wawe ndani.

Ndiyo maana binti yangu wa mwisho aliposema anataka kwenda Kampala kusomea usanifu wa majengo sikubisha. Wenzangu sokoni walisema, "Mtoto wa kike achore majumba? Msomeshe uuguzi." Mimi nilicheka. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nasomesha mchoraji wa ukumbi wangu.

Likizo ya kwanza alikuja na kijumba cha kadibodi amekibeba mapajani kutoka Kampala, hataki hata mtu akiguse. Nikavaa miwani. Nikakigeuza.

"Mlango uko wapi?"

"Hakina mlango, Mama. Ni zoezi la nafasi."

"Mtu anaingiaje?"

"Haingii mtu. Ni ya kufikiria tu."

"Nafasi isiyoingilika sisi tunaiita sanduku."

Alinuna siku mbili. Alisema walimu wamempa alama nzuri. Nikasema basi walimu wake wakalale humo.

Likizo iliyofuata ikawa zamu ya mwanga. Nilikuwa nimekwenda kuangalia viti vilivyovunjika. Kurudi, nakuta hema langu jeupe, lile kubwa la harusi, limesimamishwa uani na limetobolewa. Matundu, bwana! Mistari na mistari, kama limepigwa risasi na askari mwenye nidhamu. Na yeye amelala chali chini yake juu ya mkeka, anatabasamu, vidoa vya jua vimemjaa usoni.

"Hii ni nini?"

"Ni mwanga, Mama. Lala hapa uone."

"Hili ni hema la watu mia!"

"Bado ni la watu mia."

"La watu mia wenye mvua kichwani!"

"Mama, njoo ulale dakika moja tu. Kila saa mwanga unahama. Unatembea juu ya watu."

Sikulala. Nilichukua sindano. Alikaa upande wa pili wa turubai akanisaidia kushona, tundu kwa tundu, na kila tulipoziba moja aliniangalia kama mtu anayemzika jirani yake. Nikamwambia, "Mimi nimeuza kivuli maisha yangu yote. Wateja wangu hawajawahi kunirudishia kivuli wakisema kimezidi."

Mwaka wa nne walimu wakawatuma kutafuta jinsi watu wanavyokusanyika. Aliniomba shughuli moja apange viti yeye. Nilikuwa na mazishi Mbale asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo kwanjula huko Budondo, ile sherehe ambayo upande wa kijana huja na zawadi kujitambulisha kwa wazazi wa binti. Baba wa binti alikuwa afande wa magereza aliyestaafu, mtu tuliyefahamiana. Nikaona, haya, mahema ni manne, viti vinajulikana, mtoto ataharibu nini? Nikamwachia vijana wangu wa kazi na pikapu. Nikaenda kuzika.

Nilipofika Budondo wageni walikuwa wamekwisha kukaa na hakuna aliyekuwa akiongea. Kwenye kwanjula! Mahali ambapo wasemaji wa pande mbili hutakiwa kutukanana kwa adabu mpaka watu wavunjike mbavu. Nikaangalia viti. Binti yangu alikuwa amevipanga duara. Mahema manne yameunganishwa ncha kwa ncha, katikati uwazi, na watu wote wanaangaliana usoni.

Afande alinijia mbio, kanzu ameishika mkononi.

"Mama, wewe na mimi ni watu wa Kiswahili cha kambi, tusidanganyane. Nani ametupanga kama wafungwa wa kuhesabiwa?"

"Afande, ni binti yangu. Anasoma."

"Anasomea nini, ulinzi? Mke wangu ametoka mlangoni amevaa gomesi yake mpya, akakutana jicho kwa jicho na mkwe wake. Hakuna meza, hakuna nguzo, hakuna kitu kati yao. Amejifunika leso, amerudi nyuma. Sasa yuko migombani nyuma ya jiko, na amesema hatoki."

Asiyejua mambo ya Busoga, yaani ya watu wa huko Budondo, atauliza kwani kuna nini. Mama mkwe na mkwe wake hawakai wakikodoleana macho. Hawashikani mikono, hawakalii kiti kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kwa kawaida wenye binti wako hema hili, wenye kijana hema lile, na mama huketi nyuma ya wanawake wenzake asionekane. Na mama asipokuwepo zawadi hazipokelewi. Upande wa kijana walikuwa wameanza kuangalia simu zao.

Nilimkuta binti yangu karibu na sufuria za pilau.

"Nani alikuambia duara?"

"Mama, duara ni usawa. Hakuna wa mbele wala wa nyuma. Kwani hawezi kukaa tu upande mwingine?"

"Duara halina upande mwingine!"

Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mnene mwenye sauti, alidakia, "Mwache, hajaolewa huyu. Ngoja apate baba mkwe, atajificha hata kwenye mtungi."

"Watu wako wa kwenye karatasi," nikamwambia mtoto, "wale wadogo unaowachora na kalamu nyembamba wamesimama wanapunga mikono, wale hawana wakwe. Hawa wanao."

Hapakuwa na muda wa kupanga upya, watu wote wale wameketi, na mzee wa upande wa kijana ana miguu mibovu. Nikawaambia vijana wafungue mapazia ya pembeni ya hema moja. Tukafunga kamba kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, katikati ya duara, tukayatundika. Ukuta wa nguo, unapepea. Wenye binti huku, wenye kijana kule. Wanawake wakaenda migombani kwa vigelegele wakamleta mama, akaketi nyuma ya pazia, amejitanda vizuri.

Halafu msemaji wa upande wa kijana akasafisha koo, akasema, "Hodi huko! Mama yetu yupo?"

Na yule mama, ambaye kwa desturi angekaa bila kutoa neno mpaka mwisho, akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Nipo. Ila nimesikia mmeleta kuku wembamba!"

Watu waliangua kicheko mpaka nguzo zikatikisika. Kuanzia hapo wakawa wanarushiana maneno kupitia nguo, huku wanauliza, kule wanajibu, hata watu wasiopaswa kusemezana wakasemezana. Sijawahi kuona kwanjula yenye mdomo kama ile. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, anachora na kupiga picha, analia na kucheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nahesabu mapazia yangu yaliyopakwa mchuzi. Na kwa miezi mingi baadaye watu wa Budondo walinipigia simu wakiuliza, "Huyo ni mama wa duara?"

Mwaka wa mwisho ndio ulikuwa mwaka wangu. Alitakiwa kuchora jengo moja kamili, la mtu halisi, kiwanja halisi. Nikamwambia hilo tayari lipo: ukumbi wa Wanyange. Nilimpa maagizo yote, kuta nne, dari, vigae, milango ya chuma miwili, nikayarudia mara ya pili asije akasema hakusikia. Aliandika. Niliona akiandika.

Alirudi na karatasi ndefu. Tukaenda nayo Wanyange kiwanjani, akaitandaza juu ya nyasi na kuweka mawe kwenye pembe. Paa, nimeliona. Nguzo, nimeziona. Kisha ukuta mmoja, mrefu, mnene, wenye vidirisha vidogo vilivyopishana, unakata jengo katikati kama mfupa wa samaki.

"Na kuta?"

"Ndio huo, Mama. Ni wa wakwe. Huku wenye binti, kule wenye kijana. Mnasikiana, hamwonani. Pembeni pote wazi, upepo wa ziwa upite."

"Nimekusomesha miaka mitano unichoree ukumbi, unanichorea hema!"

"Si hema. Halikunjwi."

"Upepo utachukua mapambo. Utachukua shela ya bibi harusi uipeleke Kenya."

"Watu watakuja kuona ziwa, Mama."

"Watu hawaji harusini kuona. Wanakuja kuonekana. Na asiyealikwa ataona kila kitu bure akiwa juu ya boda!"

Tulipayuka pale mpaka wanawake waliokuwa wakianika mukene, dagaa wa ziwani, wakasimama kutuangalia. Mwishowe nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwambia mtoto yeyote. Nilimwambia juu ya baraza la duka. Nikamwambia, "Mimi nimelala bila ukuta. Wewe umezaliwa ndani ya kuta nne, ndiyo maana unazidharau."

Alikunja karatasi yake. Nikadhani nimeshinda.

Siku ya kutetea michoro chuoni nilikwenda, nimevaa gomesi yangu ya kijani. Michoro ilikuwa imetundikwa ukutani, na ukumbi wangu ulikuwa vile vile: ukuta mmoja. Hakubadilisha hata mstari! Walimu walimuuliza maswali kwa Kiingereza, yeye akajibu, nikasikia neno Budondo, wakacheka, wakauliza tena. Kisha mwalimu mmoja wa kike aliyekijua Kiswahili akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye mwenye kiwanja. Jengo hili unalikubali?"

Binti yangu akaniangalia. Nilijua alama zake zilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini ndiyo yangu ingegeuka nguzo na paa, na mimi ndiye ningekaa na upepo.

"Ukuta ule naukubali," nikasema. "Umefikiriwa vizuri, na mwenye kuufikiria ni wangu. Lakini bado kuta tatu. Nne, ukiniuliza, maana huo ni wa ziada."

Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Alama walimpa, na nzuri, lakini kwenye gari la kurudi Mbale, tulipovuka daraja la Jinja, alinigeukia. Hapo akasema, "Ungesema ndiyo tu, Mama."

"Na wewe ungechora nne tu."

Sasa anafanya kazi katika ofisi ya wasanifu Kampala. Likizo yake ya kwanza alikuja Wanyange na mafundi, tukaanza na kile tulichokubaliana. Ukuta wa katikati umesimama, umenyooka, vidirisha vyake vinapitisha jua kwa vipande. Wapita njia wanauliza, "Mama, nyumba umeianzia tumboni?" Yeye anasema tuweke nguzo na paa tuone watu watakavyokaa kwanza. Mimi nimechoma matofali. Anajua nimeyachoma. Akipiga simu haulizi afya yangu, anauliza, "Hujamwita fundi?" Namwambia bado. Ni kweli, bado.

Hivi ndivyo nilivyo navyo leo. Mahema ishirini na moja. Viti elfu moja na mia mbili, vingine vina nyufa. Pikapu moja inayowaka ikisukumwa. Cherehani mbili za kushona turubai. Nyumba ya vyumba sita Malukhu, isiyo na deni. Watoto watatu, mmoja polisi, mmoja biashara Kenya, mmoja msanifu wa majengo. Kiwanja Wanyange chenye hati. Ukuta mmoja. Matofali ya kuta nne, yamepangwa kando ya barabara, yanangoja.